Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Siku ya kukabidhi funguo, Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi alitangaza, kwa niaba ya wote waliohusika na hata wasiohusika, kwamba nyumba za mtaa mpya zimekamilika kwa kila hali, na kwamba mkazi hatakuwa na haja ya kuongeza hata msumari mmoja. Aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye ngazi za mbele. Mbele kulikuwa na ngazi.

Nyuma kulikuwa na mlango wa jikoni uliofungukia nje, na chini ya kizingiti chake hewa tupu ya kimo cha goti, kisha ardhi. Vijana waliruka. Watu wazima walikaa kwanza kizingitini, wakashusha mguu mmoja mmoja kama wanaojaribu maji ya baridi.

Fundi cherehani wa nyumba ya katikati hakuihofia miguu yake. Alihofia ya mama yake. Mama alikuwa akikaa kwa binti yake, juu kabisa ghorofani, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo, na magoti yalikuwa yamemfungia humo kama mfungwa. Alipoambiwa aje akae kwa mwanawe, alikubali kwa sharti moja.

"Nitoke uani mwenyewe, nilime kibustani changu mwenyewe. Siku mtakayonibeba kama gunia, naondoka."

Waliomfahamu hawakudhani anatania.

"Mwite mwashi," alishauri mke wa fundi.

"Mwashi wa nini, kwa ngazi moja? Mtu anayeshona koti la bwana harusi atashindwa na zege?"

"Koti halikanyagwi, baba watoto."

Fundi alichukua tepu yake, ile inayoshinda shingoni, akapima kutoka ardhini hadi kizingitini. Kisha, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya, akaongeza vidole vitatu vya pindo. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote: kitambaa kikizidi kinakatwa, kikipungua mteja anapiga kelele. Akafunga mlango kwa ufunguo ili mtu asije akakanyaga zege bichi, akazungusha mbao, akamwaga zege, akalilainisha kwa mwiko taratibu kama anayepiga pasi kola. Kwa kuwa hakuamini kipimo cha saruji alichoambiwa dukani, alizidisha na hapo pia.

Ngazi ilitoka nzuri. Jirani mmoja alipita akaisifu, na fundi akajibu kwa unyenyekevu wa mtu anayengoja kusifiwa tena.

Mama alifika na mkoba mmoja na jembe dogo lililoviringishwa kwenye khanga. Hakutaka maji wala kiti. Fundi akampeleka moja kwa moja jikoni, akazungusha ufunguo, akasukuma mlango.

Mlango haukwenda popote. Akausukuma kwa bega.

"Umekwama," alisema.

"Nani, mlango au wewe?" aliuliza mama.

Fundi alizunguka kwa mbele hadi nyuma kwenda kutazama. Ngazi ilikuwa imepanda juu ya kizingiti kwa vidole vitatu kamili, na mlango ulikuwa umesimama nyuma yake kama mbuzi nyuma ya ukuta. Ingekuwa suruali, angechukua wembe, akafumua, akashona upya, na mwenye suruali asingejua. Zege halifumuliwi.

Akaazima tindo, akaanza kugonga. Kuta za Kamati zilikwanguka hata kwa kucha, lakini ngazi hii, iliyokorogwa na mtu mwoga, ilikuwa kitu imara kuliko vyote mtaani. Ilitoa vumbi kidogo kama sukari, basi. Tindo likawa butu. Fundi akajigonga kidole, akatupa nyundo.

"Hii nyumba ina mkosi!"

"Nyumba haina neno," mkewe alijibu kutoka dirishani. "Ni pindo. Umeweka pindo kwenye ngazi."

Ndani, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkoba ukiwa bado umefungwa miguuni pake. "Vidole vingapi?" aliuliza.

"Vitatu, mama," alijibu mke wa fundi.

"Mimi nilimfundisha viwili."

Fundi aliyasikia hayo akiwa nje. Ilibaki njia moja: kuukata mlango kwa chini. Akafungua skrubu za bawaba, akauinamisha kwa juu, akaunyanyua akitaja mambo ambayo mama hakumfundisha. Akaulaza juu ya ngazi, ncha moja kizingitini, nyingine ardhini, apate pa kukatia, akaenda kuazima msumeno.

Aliporudi, mama alikuwa uani, ameinama, analima.

"Mama! Nani kakushusha?"

"Anishushe nani? Nimepita."

Kwenye rangi mpya ya mlango kulikuwa na alama za kandambili, zikishuka kutoka jikoni hadi kwenye udongo.

"Sawa, pumzika kidogo, nikate mlango wangu."

"Usiuguse."

"Mama, ule ni mlango!"

"Ulikuwa."

Jioni ile mkoba ulifunguliwa. Siku iliyofuata fundi alipigilia vibao vya kuzuia kuteleza, na misumari ikaenda mingi. Uwazi wa jikoni aliuzibia pazia alilolishona mwenyewe, lenye pindo la vidole viwili. Kila usiku anasukuma kabati kuziba palipokuwa na mlango, na kila asubuhi analirudisha, akinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika chumba cha mama. Mama hasikii.

Mwenyekiti alikuja kukagua, kwa kuwa habari za mlango ulioondolewa bila kibali zilimfikia. Alikuwa bado anaanza kueleza kanuni pale mama alipopanda kutoka uani na fungu la mchicha mkononi.

"Nipishe, mwanangu."

Akampisha. Aliutazama ule mlango uliolala, akaujaribu kwa mguu mmoja, kisha akasema msimamo wa Kamati ni uleule: nyumba hizi hazina kinachopungua.

Akaaga, akatembea hadi nyumba ya mwisho, ambayo ni yake, akaingia kwa mlango wa nyuma, akipandia kreti la soda lililopinduliwa.