Picha ya Posa

Mwanangu, wewe unayeshinda na kamera mpaka chai inapoa, hebu kaa kidogo. Nakumbuka jioni moja ya baridi kule Gulfton, Houston, nilipokuwa kijana kama wewe. Mdogo wangu Idi alikuwa ameposa Tanga, na wakwe walitaka picha yake. Sasa pale kwetu ungepiga picha gani mchana? Ukuta umebanduka rangi, nguo zimeanikwa kwenye vyuma vya ngazi, takataka zimefurika. Sisi wa ughaibuni tulikuwa na tabia hiyo, na bado tunayo: nyumbani hatupeleki ila kinachometameta.

Nikasema basi tupige gizani. Unajua mwenyewe, kamera inawekwa juu ya miguu yake mitatu, inaachwa wazi nusu dakika, mmoja anasimama kimya na mwingine anamzunguka na tochi, akichora hewani. Anayezunguka haonekani, hubaki mwanga wake tu. Aliyesimama asipotikisika, sura yake inatoka safi. Nilitaka kumzungushia Idi duara la mwanga, huyo mchumba akiona azimie kwa raha!

Mwanga ukatoka vizuri, wallahi. Idi akatoka kama moshi. Tukarudia, moshi tena. Nikapandwa na hasira, maana hasira zangu ziko karibu, hata mama yako anajua.

"Simama bwana! Kusimama tu kunakushinda?"

"Nimesimama, kaka," akasema, akacheka kidogo.

Bi Zuhura, jirani yetu, mama mtu mzima wa Unguja, alikuwa ameketi ngazini akitutazama. Akaja akachungulia kioo cha kamera.

"Mbona gari limetulia, mti umetulia, huyu peke yake ndiye anayetetemeka? Unamfokea mgonjwa, wewe! Hebu mshike mkono."

Nikamshika. Lo, mwanangu, alikuwa anaungua kwa homa. Kumbe kifua kilikuwa kimembana siku nyingi, akienda kazini hivyo hivyo. Tulilala chumba kimoja. Kila nikimuuliza "vipi?" ananijibu "poa", nami napita zangu.

Tulimkimbiza hospitali papo hapo. Hakutoka hai. Simu ya Tanga nikaipiga mimi, nikamkuta mchumba mwenyewe. Akadhani napiga kwa ajili ya ile picha, akaanza kunitania. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake, chakula hakishuki.

Sikwambii uache kamera yako. Nakwambia hivi: mwenzako akikuharibia kazi, kabla hujamfokea, mtazame yeye, kazi iache kwanza. Akikujibu poa, usipite. Kaa naye, muulize tena, mguse paji la uso. Huku ugenini tumezoea kujificha, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mungu akupe watu wa kukuona ukiwa huwezi kusema, na wewe akupe macho ya kuwaona wenzako wangali wanapumua.