Anza Pale Stesheni

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, mjini Shinyanga, miaka michache baada ya uhuru, mama yangu mzazi aliposimama katikati ya ukumbi wa sinema akapaza sauti, “Yu hai!” Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lakini hapo nimetangulia, mwanangu. Ngoja nianze mwanzo. Juzi nimekusikia na wenzako mkilalamika juu ya filamu ya vita mliyoitazama, kwamba hamkujua adui ni nani, wala kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Ukasema labda nyinyi ndio wajinga. Sikiliza, kisha uamue mwenyewe.

Baba yangu aliitwa Masunga. Waingereza walimchukua kwenda kupigana na Wajapani katika vita vya Burma, pamoja na vijana wengine wa Kishapu, akaniacha tumboni. Hakurudi. Mtemi alileta habari kwamba amefia vitani, basi, hakuna zaidi. Wapi, kwa nini, nani alimzika, hakuna aliyesema. Mama alikaa miaka yote ile si mke wala si mjane. Alikataa kunyoa nywele za msiba, na nilipojifungua mwanangu wa kwanza alinikatalia nisimpe jina la babu yake. “Hatujamzika,” alisema.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, naye ni Mzee Jilala, jirani yetu, aliyeondoka na baba siku ileile na kurudi peke yake. Aisifuye mvua imemnyea, na Jilala alijua kuisifu ile ya kwake. Jioni za mavuno ya pamba watu walimzunguka, naye akawasimulia vita. Lakini masimulizi yake, mwanangu, yalikuwa kama ng’ombe waliotoka zizini bila mchungaji. Ataanza na kurudi kwa meli, arukie nyoka aliyeingia kwenye buti la ofisa, kisha siku ya kwanza kambini, kisha mto. Baba yangu alikuwa akitokea humo na kupotea. Leo Jilala atasema baba hakuufikia ule mto. Kesho atasema, “Tulipouvuka mto, Masunga akanipa sigara.” Mama alikuwa akiuliza, “Shemeji, alikufa kabla ya mto au baada?” Jilala hucheka na kusema, “Vuta subira, nitafika.” Hakufika.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa mjini, nashona nguo barazani pa duka. Siku moja likapita gari lenye kipaza sauti likitangaza sinema mpya: vita vya Burma. Nikapeleka salamu Kishapu. Jumamosi ile mama akashuka kwenye lori la pamba amevaa khanga yake nzuri, na Jilala nyuma yake amebandika nishani kifuani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hiyo sinema iko wapi? Nataka kuona alikokwenda.”

Tukaingia. Ukumbi ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, tukimwita Bwana Nurali, mtu mpole mwenye kikohozi. Mabenchi yalijaa. Filamu ikaanza na mzee anatazama mto. Mara mzee hayupo, pana kijiji kinaungua. Mara harusi. Mara askari, wote wamepakaa tope, wote wana kofia za chuma, na ni usiku. Nani Mjapani, nani Mwingereza? Nilikuwa na Kiingereza cha darasa la nane, nikamnong’oneza mama nilichokidaka, nacho kilikuwa kidogo.

Kijana mmoja mwenye kovu shavuni akapigwa risasi, akafa. Tulimwona akifukiwa. Mama akainamisha kichwa. Kumbe baada ya muda, yule mwenye kovu anatembea, anavuta sigara, anacheka! Hapo ndipo mama aliposimama.

“Yu hai! Limi, yu hai! Kumbe huwa wanapona!”

Wengine wakacheka, wengine nao wakakasirika, ila si kwa ajili yake. “Huyu si tulimzika?” mmoja akauliza. “Mikanda imechanganywa! Rudisha nyuma!” Wakagonga mabenchi. Bwana Nurali akatoka mbele ya kitambaa, picha zikimpita usoni, akainua mikono.

“Jamani, mikanda iko sawa. Ndivyo ilivyokuja. Hata mimi nimeitazama mara mbili, sijaelewa.”

Mwisho wake ulikuwa ile harusi, na yule mwenye kovu ndiye bwana harusi. Taa zikawashwa. Watu wakatoka wakililia kiingilio na muda wao. Mama hakuinuka.

“Huyu kijana,” akaniuliza, “mwisho wake amekufa au ameoa?”

“Nadhani ile harusi ni ya zamani, mama. Kuna mtu anakumbuka.”

“Nani anayekumbuka?”

Mtu aliyekuja kutafuta kaburi alikuwa amepewa tumaini kwa muda mfupi, kisha akapokonywa, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Jilala akakohoa. “Usiilaumu sinema, Mama Limi. Vita ndivyo vilivyo. Havina macho, havina mwanzo wala mwisho.”

Mama akamgeukia. Sikuwa nimewahi kumsikia akimkemea mwanamume mzima, lakini siku ile alimkemea, tena bila kupandisha sauti.

“Vita ni vurugu, shemeji, nakubali. Lakini wewe ulirudi, na ulirudi na ulimi wako. Miaka yote hii umenizungusha kama hawa walivyonizungusha leo. Unamfufua mume wangu, unamuua, unamfufua. Wengine wanacheka, mimi nikifika nyumbani sipati usingizi. Leo utanipangia. Anza pale stesheni mlipopanda treni, uje na jambo moja moja mpaka alipolala.”

Bwana Nurali alikuwa anafagia. Akauacha ufagio, akafunga mlango wa mbele, akatuachia ukumbi.

Jilala alivua nishani akaishika mkononi. Akaanza. Treni ya Shinyanga. Kambi. Meli, na baba akitapika siku nyingi. Mafunzo katika kisiwa cha Seiloni. Kisha Burma, na mvua ambayo hainyeshi, inamwagwa. Wakauvuka mto pamoja, wote wazima. Upande wa pili baba akashikwa na tumbo la kuhara damu. Hakukuwa na gari la kumtoa. Akalala chini ya turubai.

“Aliniuliza kama mtoto atakuwa ameanza kutembea,” Jilala alisema. “Nikamwambia, kwa hesabu yangu ameanza. Asubuhi yake akafa. Tulimchimbia kaburi mimi na mtu mmoja wa Tabora. Nikamfunika blanketi langu.”

“Hakupigwa risasi?”

“Hakupigwa. Ndiyo maana nilikuzungusha. Niliona si kifo cha kumpelekea mke wa askari.”

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mama alilia pale, kilio cha kweli, nikamshika. Kisha akamuuliza juu ya kaburi, kama lilikuwa la kina, kama maji hayakuingia. Jilala akamjibu kila swali. Mwishowe mama akamwambia, “Asante kwa blanketi.”

Aliporudi Kishapu alinyoa nywele, ndugu wakakusanyika, tukamwomboleza baba yangu inavyotakiwa. Mwanangu wa pili akaitwa Masunga. Na Jilala? Aliendelea kusimulia vita mpaka uzee wake, ila kwa mpangilio. Watu walicheka kidogo kuliko zamani, lakini walikaa mpaka mwisho.

Basi, mwanangu, usijiite mjinga kwa sababu msimulizi hakukushika mkono. Kuuliza si ujinga. Uliza ni nani huyu, yuko wapi, hili ni la kabla au la baada. Na siku wewe ukiwa msimulizi, wa filamu au wa habari za ukoo wako, kwanza tueleze mtu ni nani kabla hujamuua. Vurugu ya jambo isiwe vurugu ya maneno yako. Ukitaka kurudi nyuma rudi, lakini tuambie tunarudi. Maana miongoni mwa wanaokusikiliza huenda yumo ambaye hakuja kustarehe. Amekuja kutafuta mtu wake, naye anastahili kujua alikufa au aliishi.

Mungu akujalie ulimi ulionyooka na masikio yenye subira. Akuepushe na vita vya kusimuliwa na vya kusimulia. Na wale uwapendao, wakisafiri, warudi. Na wasiporudi, Mungu akupe mtu wa kukuambia ukweli.