Mikono Iliyokataliwa na Mashine

Mikono yangu hii imejenga nusu ya mtaa wa Ruhuwiko. Sijisifu, nyumba zenyewe zipo, nenda ukatazame. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza kufyatua tofali za watu. Leo watu wanafyatua zangu, na anayetaka tofali Songea hii anapiga namba iliyoandikwa ubavuni mwa lori langu.

Siku simu ilipotumbukia kwenye pipa la maji ya zege, nilikwenda kurudisha laini. Binti anayesajili laini pale stendi aliniamkia shikamoo, akanisogezea kimashine niweke dole gumba. Akatikisa kichwa. Nikaweka kingine, na kingine, mpaka vikaisha.

"Baba, huna alama za vidole."

"Sina vipi? Hivi ni nini?"

"Zimefutika. Saruji imezila."

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akadakia, "Mzee, sema ukweli, ulivunja benki gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikavitazama vidole vyangu. Mtu mzima, mwenye lori, mashine inasema simo. Na bila namba ile wateja wangepiga, wakakuta kimya, wakaenda kwa wengine.

Binti akaniambia nikae mbali na saruji kwa muda, nipake mafuta mazito, kisha nirudi.

Nyumbani mke wangu alitoa kopo lake la mafuta ya kakao. Mimi nilikuwa nayaita mafuta ya keki, kwa ile harufu ya chokoleti. Yeye hujipaka mwilini, na humpaka binti yetu wa mwisho kwenye nywele anapomsuka. Jioni ile akanisugua kidole kimoja kimoja.

"Baba watoto, hapa mtu ananoa kisu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nikisema, si utaniambia ndiyo mikono iliyojenga Ruhuwiko?" Akaendelea kusugua. "Mimi nimezoea. Mtoto ndiye anayeuogopa mkono wako."

"Anaogopa nini?"

"Unanasa nywele zake, zinang'oka. Hujaona anavyoinamisha kichwa ukimsogelea?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nawaonyesha hata wageni: tazameni mtoto mwenye adabu, anavyomwinamia baba yake. Nilikaa pale mikono imelowa mafuta. Hata ile mashine ya stendi haikunishtua hivi.

Tuliendelea kupaka kila jioni, mpaka ngozi ikalainika. Niliporudi stendi, binti alinifuta mafuta kwa kitambaa, nikaweka dole gumba, mashine ikakubali papo hapo. Laini ikarudi. Ningekuwa mimi yule wa zamani, ningemtafuta yule jamaa wa utani wa benki nimwonyeshe.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mtoto alikuwa kizingitini, ametoka kusukwa. Nikanyoosha mkono. Akainama, kama kawaida yake. Nikauacha mkono hapohapo, sikumgusa.

Akainua macho, akanusa vidole vyangu.

"Unanukia kama mama," akasema, akakisogeza kichwa mwenyewe mpaka chini ya kiganja.