Kisu cha Miwa na Taka Nisizozijua

Nakumbuka mchana mmoja huko Butere, mwanangu, nilipokishika kisu kilichovunjika nisielewe kimevunjikaje. Nilikuwa msichana, nikijifunza kuchomelea kwa Fundi Shikuku. Tulifufua visu vya mashine za kusaga miwa. Usione muwa ni mtamu, unakula chuma! Tulinunua meno ya kuchimbia visima yaliyokwisha, yenye tungsteni, madini magumu kuliko chuma, tukayaponda na kuzishikiza chembe zake kwenye makali kwa moto.

Siku moja Fundi alienda matangani Musanda. Chembe zikaniishia. Nikazoa vumbi la pipa la taka za karakana, nikachanganya, kisha nikaongeza moto ili uso utoke laini. Ulitoka uking'aa, nikajisifu sana.

Siku ya tatu kisu kikiwa mashineni, kipande kilibanduka, kikampiga Makokha aliyekuwa akilisha mashine. Jicho la kushoto likapotea.

Nilichanganyikiwa. Nimetia kitu kigumu kuliko chuma, sasa kigumu kinavunjikaje? Mwenye mtambo akasema miwa ilikuwa na jiwe. Watu wakakubali, nami nilitamani kukubali. Siku mbili sikujua kama nina hatia au najisingizia tu. Lakini mficha uchi hazai. Nikamweleza Fundi yote.

"Ulijua kilichokuwa ndani ya pipa?" akaniuliza.

"Hapana, Fundi."

"Moto ukizidi, hata zile chembe huyeyuka, chuma kikawa rahisi kuvunjika kama chungu cha udongo. Hilo ningekufundisha. Ila wewe ulijua kwamba hujui, na bado ukaendelea."

Akanipeleka hospitalini. Makokha alinisikiliza hadi mwisho, nami nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Rudi kazini, dada. Kuna mtu mwingine analisha hiyo mashine saa hii."

Alinisamehe, au alinifukuza? Sijui, mwanangu. Nimezeeka nikiligeuzageuza neno hilo, na yeye sikuwahi kumwuliza tena. Nilirudi tu, mimi na Fundi tukavishusha kutoka mashineni visu vyote nilivyovigusa.

Leo ninyi mnachomelea kwa taka za viwandani, na ni vyema, taka ina mali. Ila usitie motoni usichokijua. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema mwenyewe, hata kama watu wameshakutafutia kisingizio.

Nyasaye, Mungu wetu, aibariki mikono yako, akupe kazi ya kudumu, na asikunyime mtu wa kukukemea.