Choo cha Wanaume na Ndoo Moja ya Maji

Meneja wetu alinivunjia heshima mbele ya ofisi nzima: alisema choo cha wanaume kinanuka kwa sababu mimi ni mchafu. Miaka kumi na moja nasugua vyoo, naambiwa hivyo na mtu ambaye hata kulenga hajui! Akanipa hadi Ijumaa; harufu isipoisha, nifungashe virago. Tena akabandika tangazo la maneno hayohayo mlangoni. Kusoma sijui, ikabidi mpika chai anisomee huku akiuma midomo asicheke.

Nilisugua mpaka choo kikang'aa kuliko vikombe vya chai. Harufu palepale. Meneja akaja kupuliza marashi. Sasa kukanuka kama bibi harusi aliyetumbukia shimoni.

"Shoga," nikamwambia mpika chai, "mbona cha wanawake hakinuki, na anayesafisha ni mimi yuleyule?"

"Sisi tunanawa miguu mle, maji kila mahali. Kwa wanaume si ulikatazwa?"

Hapo nikashtuka. Miezi miwili nyuma meneja aliteleza mle, akatua chini kama gunia, na tangu siku hiyo hakutaka kuona tone la maji sakafuni. Nilikuwa napangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa tu.

Nikapiga magoti penye kitundu cha kutolea maji sakafuni, nikanusa. Harufu ikanizaba kofi. Nikainua kifuniko, nikamulika kwa simu: bomba linapopinda, pakavu kabisa. Nikaenda kwa wanawake, nikakuta maji yametuama palepale bomba linapopinda, yameizibia njia hewa ya shimoni. Nikarudi, nikamwaga ndoo nzima, nikafungua dirisha.

Baada ya chai meneja akafoka mlangoni, "Nani kamwaga maji humu?"

"Mimi mchafu. Hebu vuta pumzi, bosi."

Akavuta. Akavuta tena, pua juu kama paka jikoni. Akageuka, akaondoka.

Ilikuwa Alhamisi. Kazi bado ninayo, na kila Jumatatu namwaga ndoo yangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Tangazo kalibandua mwenyewe, kisha akanipa karatasi, eti ameandika kuniomba radhi. Nikamrudishia. Kunitukana alinitukana kwa mdomo, watu wote wakisikia. Radhi nayo aitoe kwa mdomo, mbele ya ofisi nzima, watu walewale wakisikia. Hiyo bado namdai.