Maji ya Goti Kifuani

Kazini walimwita Bi Rudisheni, na tuseme kweli, jina hilo alilitolea jasho. Miaka ishirini na tisa alikuwa dirishani kwenye maabara ya hospitali, akipokea chupa za damu, mkojo, makohozi na maji ya kila kiungo cha binadamu, na chupa isiyompendeza haikupewa hata nafasi ya kukaa mezani. Jina halisomeki? Rudisheni. Kifuniko kimelegea? Rudisheni. Karatasi inaomba kipimo cha mimba kwa mwanamume wa miaka sitini? Hapo alicheka kwanza mpaka akashika mbavu, kisha akasema rudisheni. Wauguzi vijana walikuwa wakisukumana nani ateremke kwake. Mumewe, dereva mstaafu, aliwaambia wageni, "Kwa mwanamke huyu, mimi mwenyewe nashangaa nilivyopokelewa."

Asionewe lakini. Alishawahi kuona chupa mbili zikibadilishana majina, na aliyeumia hakuwa yule aliyefanya kosa. Tangu siku hiyo akaapa kwamba kwenye dirisha lake uzembe hautapita, na haukupita.

Basi asubuhi moja ikaletwa chupa kutoka wodini. Karatasi ilisema ni maji yaliyovutwa kifuani, upande wa kulia. Mgonjwa ni fundi wa mapaa, yuko kwenye dawa za kifua kikuu, hapati nafuu. Bi Rudisheni akachovya kijiti cha kioo, akakiinua. Maji hayakudondoka. Yalining'inia uzi mrefu kama ute wa yai, ukanyooka karibu shibiri nzima kabla ya kukatika.

Akakunja uso. Maji yanayovutika namna hiyo aliyajua: ni ya goti. Ndani ya goti mna sukari ya ajabu, imeungana pingili kwa pingili mpaka ikawa mnyororo mrefu, nayo ndiyo inayofanya maungio yateleze. Kila wiki alipima maji ya magoti ya watu. Ya kifuani kwa kawaida ni mepesi, ukiyainamisha yanamwagika tu.

"Wamebandika karatasi ya kifua kwenye maji ya goti!" akafoka peke yake. "Hivi hawa watoto walisomea wapi?"

Akanyanyua simu awape vidonge vyao. Simu ya wodini ilikuwa imekufa tangu juzi. Hadi leo anaishukuru simu ile mbovu. Ingekuwa nzima angegomba, angekata, na chupa ingeishia kwenye ndoo ya taka. Kwa kuwa ilikuwa mbovu, akajifunga kibwebwe, akapanda ngazi za ghorofa mbili na chupa mkononi, anahema na kununa.

"Shikamoo, mama," muuguzi wa zamu akamwamkia kwa woga. "Kuna nini tena?"

"Marahaba. Goti la nani hili?"

"Goti?"

"Hii chupa! Nani katobolewa goti leo?"

"Hakuna, mama. Hayo ni ya Fundi. Chupa nimeishika mwenyewe, daktari akiyavuta ubavuni. Njoo umwone."

Fundi alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, amekumbatia mto, na plasta mpya imebandikwa mbavuni. Kitanda chenyewe kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka halina hata mkunjo. Mkewe, mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili za kiume, alikuwa nyuma yake akimsugua mgongo.

"Mbona halali?" Bi Rudisheni akauliza. Hasira ilikuwa imeanza kumpungua bila yeye kutaka.

"Hawezi, dada," mke akajibu. "Akilala maji yanampanda, anakosa pumzi. Mwezi wa tatu huu anasinzia kwenye kiti. Wakiyatoa anapata siku mbili tatu, yanajaa tena. Dawa anameza, hajaruka hata siku moja. Mimi nimechoka, dada, sikufichi. Nataka mtu aniambie tu mume wangu anaumwa nini."

Fundi akajaribu kucheka. "Mapaa nimepanda miaka thelathini. Sasa kitanda ndicho kimenishinda kupanda."

"Mapaa gani?"

"Kila aina. Ila ya asbesto ndiyo nimeyakata sana, ya kizamani yale. Vumbi tulikuwa tunajipangusa, tunaendelea na kazi."

Bi Rudisheni alishuka ngazi polepole. Kichwani alikuwa na swali moja: maji ya goti yamefuata nini kifuani? Akafungua daftari la mapokezi, aone kama mtu huyu alishawahi kuleta chupa nyingine. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akamkuta. Siku arobaini na moja zilizopita, jina ni lake, maji ya kifuani. Mbele ya jina, kwa wino wa kijani ambao aliutumia yeye peke yake, palikuwa pameandikwa: "Ni ya goti. Rudisheni."

Akakaa. Ile ya kwanza hakuna aliyeileta tena. Wodini walichoka na makelele ya maabara, maji waliyovuta baadaye wakawa wanayamwaga tu, wakakisia kifua kikuu, wakaanza dawa. Na yeye siku ile alikwenda nyumbani akala vizuri, akijisifu kwa mumewe kwamba amewanyoosha.

Akabeba chupa, akabeba na daftari, akaenda kwa daktari wa maabara, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Mwingine angebeba chupa tu. Daktari akasoma ule wino wa kijani, akaliweka daftari kando.

"Mama, haya ya daftari tutayaongea," akasema. "Kwanza nitengenezee slaidi mbili."

Alizitengeneza. Slaidi moja aliiacha kama ilivyo. Ya pili aliitia kwanza kimeng'enya kinachokula ile sukari ya goti. Kisha zote mbili akazipaka rangi ya bluu inayoshika sukari hiyo. Ya kwanza ikatanda bluu kila mahali. Ya pili bluu ikapotea. Sukari ilikuwa ileile, na imetoka kifuani kwa mtu.

"Sasa tazama seli zenyewe," daktari akampisha kwenye hadubini.

Zilikuwa kubwa, zimekumbatiana makundi makundi, na ukingo wa kila moja ulikuwa na ukungu wa manyoya.

"Ni vinyweleo hivyo," daktari akaeleza. "Utando unaofunika pafu una seli zenye vinyweleo vifupi, nazo hutoa sukari hii kidogo tu, ili pafu liteleze. Hizi zimeharibika. Zimeota vinyweleo virefu, na sukari inafumwa hapohapo kwenye ngozi ya seli, inamwagika nje bila breki. Nadhani ni saratani ya utando wa pafu, mama, ile inayoletwa na vumbi la asbesto. Tuipeleke hospitali kubwa wahakikishe."

Majibu yalirudi baada ya siku nane. Hadubini yao ya nguvu ilikuwa imeviona vinyweleo kimoja kimoja, virefu na vyembamba, na ugonjwa ulikuwa ndio huo. Dawa za kifua kikuu zikasimamishwa. Daktari alimweleza Fundi na mkewe bila kuzunguka: ugonjwa wenyewe ni mgumu kuuondoa, dawa zitaupunguza mwendo, lakini maji tunaweza kuyazuia. Wakayakausha, wakaligandisha pafu kwenye ukuta wa kifua kama kwa gundi, maji yasipate pa kukaa.

Kwenye maabara sheria ikabadilika: chupa ikitiliwa shaka haitupwi, mtu anapanda wodini kuuliza. Kila asubuhi Bi Rudisheni alijiambia leo nitapanda nikawaambie ukweli, na kila asubuhi akapata kazi ya kufanya.

Siku ya kumi na nne tangu majibu yarudi, mke wa Fundi akatokea dirishani.

"Dada, si ndiye wewe uliyekuja wodini na ile chupa?"

"Ndiye mimi."

Mwanamke akapenyeza mikono yote miwili dirishani, akamshika. "Amelala! Juzi, jana na leo. Kitandani, chali, kama mtu! Tena anakoroma, dada. Miaka ishirini na minane namgombeza kwa kukoroma, na jana nilikaa macho nikimsikiliza, machozi yananitoka kwa raha. Wameniambia ile chupa uliyopanda nayo ndiyo iliyofichua ugonjwa. Ahsante. Sina cha kukupa, ahsante tu."

Lo, zilikuwa tamu shukrani zile! Na zingeweza kuishia hapo, nani angejua?

"Usinishukuru kwanza," Bi Rudisheni akasema. Akalifungua daftari, akaligeuza. "Kulikuwa na chupa kabla ya ile. Ilinifikia mimi. Nilidhani wamekosea, nikairudisha. Soma tarehe. Nisamehe, dada."

Mke akaitoa mikono yake. Aliutazama ule wino wa kijani, midomo ikihesabu siku mpaka ile ya chupa ya pili. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika.

"Arobaini na moja," akasema. "Kila siku nilimsugua mgongo."

"Najua. Nilikuona."

"Na ikija ya mwingine kama hiyo?"

"Naijua sasa. Nitapanda nayo mwenyewe."

Mwanamke akalifunga daftari, akalisukuma ndani. "Nina hasira na wewe," akasema. "Nitakaa nazo mpaka ziishe. Lakini ile ahsante nimeshaitoa, siichukui."

Bi Rudisheni akalipokea. "Na yeye? Nipande nikamwambie?"

"Utamwambia, ni haki yake." Mwanamke akajifuta macho kwa kiganja. "Ila si sasa hivi. Sasa hivi amelala."