Kwao Mzee Oduor

Nakumbuka Jumamosi moja tuko Mombasa katikati ya mechi, mimi ndiye kepteni, nikaona haya kwa jina la kijiji nilikozaliwa. Nitakusimulia, mwanangu, lakini usinihimize. Juzi wewe na wenzako mlinijia na simu zenu mkataka historia ya timu ya Laini: nani aliianzisha, nani alifunga sana, vikombe ni vingapi. Vikombe viko kabatini, nendeni mkavihesabu na mkivifuta vumbi nitashukuru. Hili langu halimo kabatini.

Laini ilizaliwa kwenye laini, yaani zile safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa pembeni mwa mji wa Voi, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Aliyeianzisha ni Mzee Oduor, mtu wa genge la kutengeneza reli. Mchana kutwa alikuwa na nyundo juani, jioni anavua buti anashika firimbi, anatufundisha mpira wa kikapu. Uwanja wetu ulikuwa saruji yenye nyufa na vumbi jekundu hili mnalolijua, soksi nyeupe tulizivaa mechi ya kwanza tu. Tulikuwa wasichana mchanganyiko, wengine mabinti wa reli, wengine tumeshuka milimani kutafuta kazi. Siku ya mechi tulipewa nauli na posho ya kula, basi tukawa tunatembea mjini kwa maringo, eti wachezaji wa kulipwa. Ilikuwa raha, mwanangu. Nimeolewa, nimezaa, nimejenga, na bado sijapata raha nyingine kama ile.

Mzee alikuwa na desturi yake. Msichana mgeni akifika uwanjani, hamuulizi alifunga mangapi shuleni. Anamuuliza, "Kwenu wapi?" Akishajibu, jina la kwao linageuzwa mbinu ya kuchezea. Alikuwepo dada mmoja wa Mraru, na Mraru iko njiani ukienda Taveta, kwa hiyo tukiita "Mraru" mpira unafuata mstari wa pembeni kwa pasi fupi fupi. Mwenzetu mwingine alitoka Mahoo, huko Taveta kwenyewe, basi "Mahoo" ikawa kuurusha mbali kabisa, hadi kona ya upande wa pili. Mimi ni wa Werugha, juu milimani kwenye ukungu. Ukisikia "Werugha", mpira unainuliwa juu karibu na ubao, mrefu wetu anaufuata huko huko. Wapinzani walibaki kutazamana.

Hata ruhusa yangu ya kucheza aliitafuta yeye. Baba hakutaka kabisa kusikia habari ya binti yake kuvaa kaptura mbele za watu. Mzee Oduor akapanda Werugha Jumapili moja baada ya ibada, mtu wa joto la Voi, anatetemeka baridi hadi mama akamletea blanketi. Akala kimanga, chakula chetu kile cha kupondwa, akakaa na baba mpaka ng'ombe wakakamuliwa, na alipoondoka ruhusa ilikuwa imepatikana.

Sasa turudi Mombasa. Mashabiki wa kule waliyadaka majina yetu wakayafanya mchezo. Nikiita Werugha, jukwaa zima linaitikia Werugha kwa sauti ya puani, na nyuma kuna wanaolia kama mbuzi. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama Werugha ni dawa ya kikohozi au ya minyoo. Leo ningecheka naye. Siku ile masikio yaliniwaka moto. Mechi tulishinda, lakini njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani sisemi na mtu.

Jumatatu yake nikaitisha mkutano kabla ya mazoezi. Nikawaambia wenzangu kwamba sasa sisi ni timu kubwa, tuko ligi ya Pwani, tuache mambo ya vijijini. Tutumie namba, na tuziite kwa Kizungu kama wenzetu. Wengine walikubali kwa moyo, wengine kwa kuniogopa, maana nilikuwa mkali. Mzee Oduor alikuwa ameketi kwenye benchi anafunga kamba za wavu wa kubebea mipira. Akauliza kwa upole tu.

"Werugha imekosa nini?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa, na mimi wangu wakati ule haukuwa hata na mwenyewe. Nikamjibu mbele ya timu nzima. "Mzee, wewe si wa huku. Aibu hii ni yetu, huwezi kuijua."

Mzee aliitazama mikono yake, ile mikono ya reli, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, binti yangu," akasema. "Mimi ni mtu wa kuja."

Halafu akatuambia tuanze kukimbia, jua linazama. Nilikimbia nikijiona nimeshinda.

Ningependa kukwambia kwamba tangu siku ile tulishindwa kila mechi, ndipo hadithi ingenoga. Hatukushindwa. Namba zilifanya kazi, na kimoja cha vikombe vile kabatini ni cha namba. Kilichobadilika ni kwamba Mzee hakumuuliza tena msichana yeyote kwao ni wapi. Mgeni akija anaonyeshwa namba zake, anacheza. Kuna wengine nilipokezana nao mpira msimu mzima, na ukiniuliza leo walitoka kijiji gani, sijui. Wakati ule hata sikugundua kuna kilichopungua. Niliona tu kwamba mazoezi yakiisha, kila mtu anakwenda zake mapema.

Mwaka uliofuata Mzee alistaafu. Siku anapakia vyombo vyake kwenye lori mimi nilikuwa harusini Wundanyi, nikacheza ngoma hadi miguu ikavimba. Niliporudi Voi nilikuta nguo za familia nyingine zimeanikwa kwenye kamba ya nyumba yake. Wenzangu walisema aliulizia kama nimerudi. Basi, hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu alichelewa kuzaliwa. Nikaja kuwa mwalimu, nikapelekwa kufundisha mbali na nyumbani, na siku moja kwenye kikao nilitoa wazo langu, mwenzangu mmoja akaniambia neno lile lile: wewe si wa huku. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Nilikwenda nyumbani nikalia, na sikulia kwa ajili yangu. Nilimwona Mzee Oduor kwenye benchi lile akiitazama mikono yake.

Nikaamua likizo ikifika nitamfuata hadi kwao nimwombe radhi. Nikanunua shuka la kumpelekea. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui niende wapi. Nikashuka Voi nikauliza kwenye nyumba za reli. Mmoja akaniambia Siaya. Mwingine akaapa ni Homa Bay. Mama mmoja alisema Busia, kisha akasema hana hakika. Sisi tulikuwa na neno moja la kumalizia kila kitu, bara. Mzee ni mtu wa bara. Sasa bara ni kubwa, mwanangu, na akina Oduor ni wengi. Miaka tisa alituuliza kwetu, mmoja mmoja, akatuitia vijiji vyetu uwanjani mpaka Mombasa wakavijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumgeuzia swali. Hapakuwa na mbinu yenye jina la kwao.

Na kuna linaloniuma kuliko hilo. Ile Jumapili ya Werugha, baba alimuuliza. Baba alikuwa mzee wa kimila, hawezi kumkaribisha mgeni asimuulize alikotoka. Na Mzee Oduor akajibu, akalitaja jina, tena akaeleza na mto uliopita karibu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na sahani mkononi. Lakini nilikuwa nawaza kaptura. Nilikuwa namwomba Mungu moyoni baba akubali, basi jina likapita sikioni kama upepo. Baba amekwisha kufa, mama pia. Mara nyingine nikiamka alfajiri nalitafuta lile jina, nakaribia kabisa kulishika, halafu ninachosikia ni mama akimwambia mgeni ajifunike vizuri.

Sasa hii ndiyo nasaha yangu, uipokee hata kama mkono unauma. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Mimi nilikataa kwetu, na ile aibu nikaibebesha mtu asiyehusika. Usicheke jina la kwenu ili watu wakupende, maana watakucheka hivyo hivyo. Wala usimwambie mtu aliyekulea kwamba si wa huku. Na ukikaa na mtu, awe kocha, awe jirani, awe yule anayekuuzia mboga, muulize kwao. Kuuliza si ujinga. Ila muulize angali yupo, na akianza kujibu, weka sahani chini usikilize.

Katika hiyo historia yenu andikeni hivi: aliyeanzisha timu ya Laini ni Mzee Oduor, wa. Baada ya hilo "wa" acheni nafasi. Msiijaze kwa kubahatisha, na msiandike bara. Iacheni wazi kila atakayesoma aone tulichoshindwa kukijua.

Mungu akulinde, mwanangu, popote utakapokuwa mtu wa kuja. Akukutanishe na wenyeji wanaouliza, na siku utakapowatajia Werugha, wakuulize tena kidogo, huko kukoje.